Nalipia Netflix na dekoda, mbona bado nachukua vipindi Telegram?

*"Habari mtaalamu. Nina saluni ndogo Bweyogerere, karibu na Kampala, Uganda. Mimi na wateja wangu tunapenda sana vipindi vya uhalisia: Big Brother Naija, Love Island ya Uingereza na Survivor ya Marekani. Nalipia Netflix kila mwezi, na nyumbani tuna dekoda. Hata hivyo karibu kila wiki nachukua vipindi Telegram, navituma kwenye grupu letu la WhatsApp, na siku nyingine navionyesha kwenye TV ya saluni. Kaka yangu anasema sisi ni wezi tusiotaka kulipa, maana siku hizi huduma ziko tele. Mimi naona nimeshalipa vya kutosha. Nani ana haki? Na nikitumia VPN, ile programu ya kuficha mahali nilipo, nitakuwa salama? Naogopa kwa sababu pesa zote za biashara ziko kwenye simu hiyo hiyo."*

Dada, kaka yako amelitaja tendo kwa jina lake, ila sababu aliyoitoa siyo. Kama tatizo lingekuwa ubahili, usingelipia Netflix na dekoda kwa mwezi mmoja. Unalipa, na bado unachokitaka hukipati ulikolipa, au unakipata siku ambayo kila mtu ameshajua aliyetolewa. Hapo ndipo uharamia wa vipindi hivi unapozaliwa, na inafaa tuelewe kwanza namna unavyozaliwa kabla sijakuambia la kufanya na simu yako.

Watu hudhani huduma ya mtandaoni ni ghala la vipindi vyote vya dunia. Sivyo. Kila kipindi kina mwenyewe, na mwenyewe huuza leseni nchi kwa nchi, kwa muda uliopangwa, na kwa njia iliyopangwa: mmoja hununua haki ya kukirusha kwa dekoda, mwingine haki ya kukionyesha mtandaoni. Survivor ya Marekani ni ya CBS, na mtandaoni Wamarekani huitazama Paramount+. Love Island ya Uingereza hurushwa ITV2 na kuwekwa ITVX, huduma iliyochukua nafasi ya ITV Hub mwaka 2022 na inayomfungulia aliyeko Uingereza tu. Big Brother Naija iko mikononi mwa MultiChoice, wenye DStv na GOtv. Vipindi vyenu vitatu vina wenyewe watatu, na Netflix si mmoja wao. Ile pesa unayoilipa Netflix kila mwezi hailipii hata kimoja cha vipindi hivyo vitatu. Najua hilo linauma kulisikia, lakini "nimeshalipa" yako inahusu vipindi vingine.

Kwa nini basi hakuna anayeleta Love Island ya Uingereza hapa kwetu na kutuuzia? Biashara hii ina jambo moja ambalo tamthilia hazina. Kinachouzwa zaidi ni muundo wa mchezo, yaani ruhusa ya kutengeneza toleo la kwenu. Big Brother ilianzia Uholanzi mwaka 1999. Mwaka 2003 ikaja Big Brother Africa, ile ambayo Gaetano Kagwa alituwakilisha, na mwaka 2006 Wanaijeria wakapata yao. M-Net ya Afrika Kusini ina Survivor yake tangu 2006. Kituo kilichotumia fedha nyingi kutengeneza toleo la nyumbani hakina hamu ya kununua toleo la ng'ambo lije kushindana nalo. Na soko ambalo halina toleo lake, kama letu, mara nyingi huonekana dogo mno kwa muuzaji kuhangaikia mkataba wa peke yake.

Muziki nao ni kikwazo ambacho watazamaji wengi hawakifahamu. Kipindi kama Love Island kimejaa nyimbo zinazovuma. Ruhusa ya kuzitumia hukatwa kwa ajili ya kituo fulani na nchi fulani, na ukitaka kukiuza kipindi nje lazima ulipie nyimbo upya au uzitoe na kuweka muziki wa bei nafuu. Kazi hiyo ina gharama na inachukua muda. Ndiyo maana misimu mingine ya zamani haionekani popote kihalali, na baadhi ya matoleo ya nje yana muziki tofauti na ule uliosikika siku ya kwanza.

Halafu kuna saa, na kwa maoni yangu hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote. Filamu nzuri ikichelewa miezi sita inabaki filamu nzuri. Kipindi cha uhalisia kinafanana na mechi ya mpira: ukishajua matokeo, utamu umekwisha. Survivor hurushwa Jumatano saa mbili usiku kwa saa za New York. Kwetu hiyo ni Alhamisi saa tisa usiku, na wao wakirudisha saa zao nyuma mwezi wa Novemba inakuwa saa kumi alfajiri. Love Island wakati wa kiangazi chao huanza saa tano usiku hapa Kampala. Ukiamka na kufungua TikTok kabla ya kupiga mswaki, jina la aliyetolewa liko pale, na picha yake. Wapenzi wa vipindi hivi hawatazami peke yao. Wanabishana, wanapiga kura za kubahatisha, wanagombana kuhusu nani mnafiki. Mtu anayekiona kipindi wiki mbili baadaye amefungiwa nje ya mazungumzo hayo. Anayechukua faili Telegram Alhamisi asubuhi ananunua nafasi yake kwenye mazungumzo, na kwa wakati huo hakuna mtu mwingine anayemuuzia nafasi hiyo.

Angalia vipindi ambavyo Netflix wanavitengeneza wenyewe, kama Love Is Blind au Young, Famous & African. Hivyo haki zake ni zao dunia nzima, kwa hiyo huachiwa kila nchi kwa dakika ileile, kwa kawaida saa sita usiku ya California, ambayo kwetu ni saa nne au saa tano asubuhi. Jiulize kama umewahi kuvitafuta hivyo Telegram. Sidhani. Mtu ni yuleyule, pochi ni ileile, lakini mlango upo na umefunguliwa kwa wakati, basi anaingia mlangoni.

Hata hivyo nisimdhulumu kaka yako: pesa ina sehemu yake, ila inapitia kwenye bando. Kwa hesabu za Netflix wenyewe, kutazama kwa ubora wa kati hula takriban GB 0.7 kwa saa, na ubora wa juu wa HD hufika GB 3 kwa saa. Survivor tangu msimu wa 45 hukaa hewani dakika 90 pamoja na matangazo, yaani kipindi chenyewe ni saa moja na dakika chache. Love Island huja karibu kila siku kwa wiki kadhaa. Saa sita kwa wiki kwa ubora wa kati ni zaidi ya GB 4, na bando letu linabeba ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, juu yake VAT. Faili la uharamia lililobanwa vizuri kwa kipindi cha saa moja lina MB 250 hivi. Tena linashushwa mara moja, kisha linapita simu kumi kwa Xender au kwa flashi bila kula hata MB moja. Kipindi ulichokipakua kihalali hakitoki kwenye akaunti yako, na baadhi hufutika saa 48 baada ya kuanza kukitazama. Kwa mtu wa bando la siku, haramia amemtengenezea bidhaa inayomfaa zaidi kuliko ya mwenyewe. Wenye huduma wanapaswa kulisikia hilo.

Kulipa nako kuna mashaka yake. Huduma nyingi za ng'ambo hutaka kadi ya Visa au Mastercard, wakati pesa zetu ziko MoMo na Airtel Money. Kadi pepe zipo siku hizi, lakini zina makato ya kubadilisha shilingi kuwa dola, na siku ya kukatwa ikikuta salio pungufu, usajili unakatika katikati ya msimu. Ongeza mazoea tuliyonayo: sinema zilizotafsiriwa na mavijei kina VJ Jingo, zikiuzwa kwenye maduka ya kujaza flashi, zimelea kizazi kizima kikiamini kwamba kipindi ni kitu cha kunakiliwa. Na VPN wengi waliijua Julai 2018, serikali ilipoweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa mitandao ya kijamii. Mtu aliyejifunza kuikwepa kodi hakuona shida kuukwepa mpaka wa leseni.

Sasa nije kwako, na kwanza VPN, maana naona unaitegemea kwa jambo ambalo haliwezi. VPN huficha mahali ulipo na husimba mawasiliano yako njiani. Haiwezi kulifanya faili la wizi kuwa halali, na haizuii kirusi kilichomo ndani ya kitu ulichokishusha kwa mkono wako. Ukiitumia kujiandikisha huduma ya nchi nyingine, unavunja masharti ya huduma hiyo. Wakigundua wanaweza kuifunga akaunti, na mara nyingi watakukwamisha mapema kwa kudai kadi iliyotolewa nchi ile. Zile za bure ndizo za kuogopa zaidi. Kuendesha VPN kuna gharama, na usipolipa kwa pesa kuna uwezekano mkubwa unalipa kwa taarifa zako.

Hofu yako kuhusu simu ni ya kweli, na hapa nitakaa kidogo. Faili la video lenyewe, lenye jina linaloishia .mp4 au .mkv, ni nadra kukudhuru. Hatari iko kwenye vinavyolizunguka. Ukifungua "kipindi" na simu ikakuambia usakinishe kichezeshi kingine kwanza, acha hapo hapo. Mwaka 2024 watafiti wa ESET, kampuni ya usalama wa kompyuta na simu, walifichua udanganyifu wa namna hiyo ndani ya Telegram ya Android: programu hasidi ilijionyesha kama video ya sekunde 30, na aliyeibonyeza aliambiwa haichezi mpaka asakinishe kichezeshi cha nje. Telegram walirekebisha kuanzia toleo la 10.14.5, kwa hiyo hakikisha yako si ya zamani. Kisha ingia kwenye mipangilio yake, sehemu ya data na hifadhi, uzime upakuaji wa moja kwa moja. Faili la .apk, yaani la kusakinisha programu ya Android, linalojiita Netflix ya bure, faili la .zip linalotaka nenosiri, au jina linaloishia .mkv.exe, usiguse. Na kipindi cha saa nzima chenye MB 8 tu si kipindi.

Programu hizo hutafuta ruhusa mbili hasa: kusoma SMS, na ile ya huduma za ufikivu (Accessibility) iliyowekwa kwa ajili ya wasioona vizuri. Ya kwanza huziwezesha kunasa namba za uthibitisho zinazotumwa na benki. Ya pili huziwezesha kusoma kilicho kwenye skrini na hata kubonyeza badala yako. Fungua mipangilio ya simu leo, tafuta sehemu ya ufikivu, uone ni programu zipi zimewashwa. Usiyoitambua izime, kisha iondoe. Halafu tafuta "sakinisha programu zisizojulikana" na uhakikishe Telegram, WhatsApp na kivinjari vyote vimezimwa humo. Ushauri wangu mzito kuliko yote ni huu: pesa za saluni zisikae kwenye simu inayoshusha vitu. Hamishia laini ya biashara kwenye simu ndogo ya batani. *165# ya MTN na *185# ya Airtel hufanya kazi humo bila shida, na hakuna .apk itakayoingia.

Kama kuna mtu anakushawishi ununue kile kisanduku cha Android cha bei rahisi chenye "chaneli zote za dunia", kikatae. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu mtandao uitwao BADBOX 2.0, ulioambukiza vifaa vya aina hiyo, vingine vikiwa vimeambukizwa kabla mnunuzi hajafungua boksi. Kifaa hicho kikikaa kwenye Wi-Fi ya saluni, wahalifu wanaweza kupitisha mambo yao kupitia intaneti yako.

Kuhusu sheria nisikutishe wala nisikufariji bure. Sheria ya Hakimiliki na Haki Jirani ya mwaka 2006 inamlenga hasa anayenakili, kusambaza au kuonyesha hadharani kazi ya mtu bila ruhusa. Ilipotungwa iliweka faini isiyozidi pointi 100 za sarafu, na pointi moja ni shilingi 20,000, au kifungo kisichozidi miaka minne, au vyote viwili. Sasa tazama ulipo wewe. Wanagrupu wako wanapokea tu. Wewe unasambaza, na unaonyesha mahali pa biashara. Kati ya yote uliyoyaeleza, TV ya saluni ndiyo inayokuweka pabaya zaidi, na ndiyo ningekuomba uizime leo, kabla ya jambo lingine lolote. Hata Netflix yako halali hairuhusiwi pale. Masharti yake ni matumizi binafsi ya nyumbani. Dekoda ya nyumbani nayo ukiibeba kuipeleka saluni umetoka nje ya mkataba. Kuna vifurushi vya DStv vilivyotengenezwa kwa ajili ya biashara, na hicho ndicho cha kuulizia, ukipima kama wateja wanaongezeka kiasi cha kufidia gharama.

Kila kipindi kina njia yake. Big Brother Naija ndicho chepesi: huwa na chaneli yake inayorusha saa 24 msimu ukiwa hewani. Piga simu kwa huduma kwa wateja wiki moja kabla ya msimu, uulize msimu huo uko kifurushi gani, kwa sababu hubadilika. Kisha lipia kifurushi hicho kwa ile miezi miwili au mitatu tu na urudi cha chini baadaye. Hapo huna sababu yoyote ya Telegram.

Survivor na Love Island ndizo ngumu, na sitakudanganya kwamba kuna mlango mzuri uliokuwa umeupita bila kuuona. Angalia orodha ya nchi kwenye ukurasa wa msaada wa kila huduma mwanzoni mwa kila msimu, maana leseni huhama. Angalia ratiba ya dekoda yako, kwa kuwa matoleo ya ng'ambo huibuka huko bila kutangazwa sana. Chaneli rasmi za YouTube za vipindi hivi huweka vipande virefu, na vipindi vya mazungumzo ya sauti vinavyochambua kila wiki ni vya bure. Nakiri kwamba kipande cha dakika kumi si sawa na kukesha na kipindi kizima. Kwa anayeweza kusubiri, nyamazisha maneno: X na TikTok zote zina sehemu ya kuficha maneno unayoyachagua, weka jina la kipindi na majina ya washiriki. Kwenye grupu lenu wekeni kanuni kwamba hakuna kutaja aliyetolewa mpaka siku mliyokubaliana. Hilo linapunguza haraka, na haraka ndiyo inayowapeleka Telegram.

Kama utaamua kuendelea kuchukua, uamuzi ni wako, lakini jua gharama yake ya pili. Mtazamaji wa Telegram hahesabiwi. Kila anayepima kama Uganda kuna watu wa kununua Love Island anaangalia takwimu na kukuta sifuri, na mkataba hausainiwi. Kwa hiyo waandikie. Vituo na huduma zina fomu za maoni na kurasa za mitandao ya kijamii. Grupu lenu zima likiandika kwa juma moja, mkitaja kipindi, mji na bei mnayoweza kulipa, ujumbe huo una uzito kuliko malalamiko yanayoishia saluni. Hauwezi kuleta leseni kesho. Lakini msipojitokeza, kwao ninyi hampo.

Mwisho, ujue wakati wa kutafuta mtu ana kwa ana. Ukiona pesa imetoka usiyoituma, simu inajifungua yenyewe, au SMS za uthibitisho zinakuja bila kuziomba, zima data papo hapo. Tumia simu ya mtu mwingine kupigia mtandao wako waifunge akaunti ya pesa, kisha nenda kituo chao cha huduma ukiwa na kitambulisho cha taifa. Pita polisi upate namba ya taarifa, kwa sababu bila hiyo madai ya kurudishiwa hayaendi mbali. Usifute kitu kabla ya kupiga picha za miamala na jina la programu unayoishuku. Baada ya hapo fundi unayemwamini aifute simu yote na kuirudisha ilivyotoka kiwandani. Hifadhi picha na namba za watu, usihifadhi programu. Manenosiri yabadilishe ukitumia kifaa kingine. Na kabla ya kuiwasha tena TV ya saluni kwa wateja, fika ofisi za URSB, idara ya serikali inayosimamia usajili wa biashara na hakimiliki, pale Kololo uulize ni ruhusa zipi zinazohitajika kwa sasa kwa video na kwa muziki unaoupiga. Nenda na leseni yako ya biashara, na uwaeleze ukubwa wa saluni na unachotaka kuonyesha.